Kukoroma usingizini: maswali ninayoulizwa kila wiki hapa Dodoma

Mimi ni muuguzi Dodoma mjini, na siku zangu nyingi hupita kwenye kliniki ya presha na kisukari. Hakuna anayepanga foleni asubuhi kwa sababu ya kukoroma. Watu huja kwa ajili ya presha. Tukimaliza, mama anainuka, mkono uko tayari kwenye kitasa cha mlango, ndipo anageuka na kuuliza kwa sauti ya chini: "Sista, na huyu baba anavyokoroma, ni kawaida?" Maswali ya mlangoni ndiyo niliyoyakusanya hapa. Nimeyajibu kwa urefu nisioupata pale kliniki, maana foleni huwa nje inasubiri.

Kukoroma ni nini hasa? Ile sauti inatoka wapi?

Ukiwa macho, misuli ya koo imekaza na njia ya hewa iko wazi. Ukilala, misuli hiyo hulegea kama ile ya mikono na miguu. Ulimi unarudi nyuma kidogo, kaakaa laini linashuka, kimeo kinaning'inia, na njia ya hewa inakuwa nyembamba. Hewa ikilazimika kupita hapo kwa nguvu, nyama hizo laini hutetemeka. Mtetemo huo ndio mkoromo.

Umewahi kuona turubai la gulio upepo wa Dodoma unapolipiga? Likifungwa vizuri limetulia, likilegea linapiga kelele usiku kucha. Koo nalo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo chochote kinacholegeza koo au kuibana njia ya hewa, iwe pombe, unene, pua iliyoziba, mafindofindo makubwa au namna ya kulala, kitaongeza mkoromo.

Bibi alisema anayekoroma amelala usingizi mnono. Si kweli?

Hapana, bibi atanisamehe. Nyumbani kwetu tuliambiwa vivyo hivyo: baba akianza kukoroma, watoto tunanyamaza, mzee amepata usingizi. Ukweli ni kwamba anayekoroma sana mara nyingi analala vibaya kuliko wote ndani ya nyumba. Mwili unafanya kazi ya kuvuta hewa kupitia tundu dogo, ubongo unashtuka kila mara kumwokoa, na asubuhi anaamka kachoka kana kwamba alikesha shambani. Uchovu wa siku moja unaweza kumkoromesha mtu yeyote, hilo halina shida. Anayekoroma kila siku, mwaka hadi mwaka, huyo tusimpongeze kwa kulala vizuri.

Nitajuaje kama mkoromo huu ni wa kawaida au una hatari?

Hili ndilo swali ambalo ningependa kila mtu aliulize, kwa hiyo nitakaa nalo.

Watu wanahukumu mkoromo kwa ukubwa wa kelele. Mimi kelele hainitishi sana. Kinachonitisha ni kimya kinachokuja katikati yake. Msikilize vizuri: anakoroma, anakoroma, anapanda juu zaidi, halafu ghafla kimya. Hakuna sauti, hakuna hewa. Kifua na tumbo bado vinajitahidi kupanda na kushuka, lakini koo limefungika. Unahesabu moja, mbili, tatu, unafika kumi, kumi na tano, pengine ishirini. Kisha anashtuka kwa mkoromo mkubwa kama mtu aliyeibuka kutoka kwenye maji, anajigeuza, anaendelea. Yeye mwenyewe hakumbuki chochote asubuhi.

Huko ndiko kukatika kwa pumzi usingizini. Wataalamu huhesabu kila pumzi inapokatika au kupungua sana kwa sekunde 10 au zaidi. Ikitokea mara 5 hadi 15 kwa saa ni ugonjwa mwepesi, 15 hadi 30 ni wa kati, 30 na kuendelea ni mkali. Mwenye mara 30 kwa saa akilala saa saba, pumzi imekatika mara 210 kwa usiku mmoja. Kila mara oksijeni inashuka, moyo unakimbia, presha inapanda. Ndiyo maana wapo wagonjwa wanaomeza dawa tatu za presha kwa uaminifu na presha haishuki: mchana wanatibiwa, usiku wanaumwa upya.

Dalili nyingine za kuangalia: kuamka na kichwa kinauma, mdomo umekauka kama umekula vumbi, kwenda haja ndogo mara nyingi usiku, hasira zisizo na sababu, kusahau, nguvu za kiume kupungua, na kusinzia mchana mahali ambapo si pa kusinzia.

Kwa hilo la kusinzia kuna dodoso fupi lililotungwa na daktari Murray Johns wa Melbourne, Australia, mwaka 1991. Linauliza uwezekano wa kusinzia katika hali nane: ukisoma umekaa, ukiangalia runinga, ukiwa umekaa kimya mkutanoni, ukiwa abiria kwa saa nzima, ukijilaza mchana, ukizungumza na mtu, ukikaa baada ya chakula cha mchana bila pombe, na ukiwa ndani ya gari lililosimama kwenye foleni. Kila hali jipe alama 0 mpaka 3. Ukipita 10 kati ya 24, kusinzia kwako kumezidi, tafuta daktari.

Chukua pia futi ya fundi cherehani, izungushe shingoni usawa wa kongomeo. Shingo ya zaidi ya sentimita 40, pamoja na mkoromo na presha, inatosha kabisa kunifanya nikuandikie rufaa.

Na simu uliyonayo ni kipimo. Weka kinasa sauti usiku, iache kando ya mto, asubuhi sikiliza. Nimewahi kuwasikilizisha wanaume watu wazima usingizi wao wenyewe pale kliniki. Wanaanza kwa kucheka. Kimya kinapofika na hakiishi, wanaacha kucheka.

Mume wangu huamka usiku kama amekabwa. Wazee wanasema ni jinamizi. Ni nini?

Haya ni mambo mawili, na yanachanganywa sana. Jinamizi ni pale mtu anapoamka akili iko macho lakini mwili haujiwezi: anasikia, anaona chumba, hawezi kuinua hata kidole, na mara nyingi anahisi uzito kifuani. Ubongo umeamka kabla ya mwili. Linatisha, lakini linapita ndani ya muda mfupi, na huwapata zaidi wasiolala vya kutosha.

Anayeamka akikurupuka, anakaa kitandani, anahema, anashika koo, na dakika moja kabla alikuwa anakoroma, huyo koo lilifunga. Anahitaji kupimwa. Kama dawa pekee aliyowahi kupewa ni hirizi ya kufunga chini ya mto, mwacheni nayo kama inampa amani, lakini hospitali aende.

Nilikuwa sikoromi. Nilipohamia Dodoma nimeanza. Inawezekana?

Inawezekana, na ninalisikia sana tangu watumishi walipoanza kuhamia huku na wizara kwenda Mtumba. Mji wetu ni mkavu. Mvua zikikatika mwezi wa nne au wa tano, hatuzioni tena mpaka karibu Desemba, na katikati hapo ni upepo na vumbi jekundu. Pua inakauka, inachubuka, inavimba kwa ndani. Pua ikiziba unalala mdomo wazi, taya linashuka, ulimi unarudi nyuma, na mkoromo unaanza.

Tiba ya kwanza ni ya bei ya chumvi. Chemsha maji, yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu, pima kikombe cha mililita 250, weka nusu kijiko cha chai cha chumvi safi, kisijae sana. Vuta kwa bomba la sindano jipya lisilo na sindano, inama juu ya beseni, pumua kwa mdomo, sukuma taratibu tundu moja la pua, maji yatoke upande wa pili. Fanya jioni kabla ya kulala. Maji yawe yamechemshwa, nasisitiza. Ya bombani au ya kisima moja kwa moja yanaweza kupeleka vijidudu puani. Ukiona usumbufu, duka la dawa wanauza maji ya chumvi yaliyo tayari.

Chumbani futa vumbi kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia, anika godoro na mito juani (jua tunalo la kutosha), fua mashuka kila wiki kwa maji ya moto. Kama unapiga chafya mfululizo na macho yanawasha, huenda ni mzio, na kuna dawa za kupuliza puani ambazo daktari atakuandikia.

Jihadhari na yale matone ya kuzibua pua haraka. Ni mazuri kwa siku tatu, zisizidi tano. Ukiyazoea, pua inaziba zaidi kila dawa inapoisha nguvu, nawe unaongeza, nayo inaziba. Nimekutana na mtu aliyekuwa na kichupa mfukoni kwa miaka miwili na hakuwa na mafua hata kidogo. Ugonjwa wake ulikuwa kichupa.

Mwezi wa sita na wa saba, baridi ikibana, wengine huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Hilo ni zaidi ya habari ya mkoromo. Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, na familia nzima inaweza isiamke. Ongeza blanketi.

Pombe inahusikaje? Mimi hunywa kidogo tu ili nipate usingizi.

Pombe inakupa usingizi na papo hapo inalegeza koo kupita kiasi. Asiyekoroma atakoroma, anayekoroma pumzi itakatika zaidi na kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu hata ubongo unachelewa kushtuka. Mvinyo wa zabibu zetu, bia, pombe ya mtama, koo halichagui. Kama utakunywa, acha saa tatu au nne zipite kabla ya kulala. Vidonge vya usingizi navyo vina tabia hiyo hiyo, na hata baadhi ya vidonge vya mafua vinavyosinziza. Usimnunulie mkoromaji vidonge vya usingizi "ili alale vizuri" bila daktari kujua.

Sigara inavimbisha koo na pua. Hapo sina la kuongeza.

Nikipunguza uzito nitaacha kukoroma?

Wengi hupungua sana, wengine huacha kabisa. Mafuta hayakai tumboni tu, yanakaa shingoni na hata ndani ya ulimi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kuwa mtu akipunguza asilimia 10 ya uzito wake, kukatika kwa pumzi kunaweza kupungua kwa takriban asilimia 26. Mwenye kilo 95 basi lengo lake la kwanza ni kilo tisa na nusu. Haambiwi arudi kuwa kijana wa miaka ishirini.

Ninachokiona Dodoma ni watu waliokuwa wakitembea na kulima, sasa wanakaa ofisini kuanzia asubuhi, wanarudi saa mbili usiku, na mlo mkubwa wa siku unaliwa saa tatu, chipsi mayai au nyama choma na ugali wa kutosha, kisha kitandani. Anzia hapo. Chakula cha jioni kiliwe mapema, kiwe kidogo, soda ziondoke mezani siku za kazi. Ugali wa uwele na mlenda, chakula cha Wagogo ambacho wageni wanakiona cha kijijini, kinashibisha na hakina mafuta mengi. Mimi hukisifia kila ninapopata nafasi.

Lakini wapo wembamba wanaokoroma. Taya dogo, pua iliyopinda, mafindofindo, umri, urithi wa familia. Msimcheke mtu kwamba anakoroma kwa ulafi.

Nilale vipi?

Kwa ubavu. Ukilala chali, uzito wote wa ulimi unaangukia koo. Shida ni kwamba utaanza kwa ubavu na kuamka chali. Dawa yake ni ya zamani: shona mfuko mdogo mgongoni mwa fulana ya kulalia, kati ya mabega, tia mpira wa tenisi au soksi mbili zilizokunjwa zikakazwa. Ukigeuka chali itakukera, utarudi ubavuni bila hata kuamka. Baada ya wiki kadhaa wengine huzoea.

Mito mingi haisaidii kama watu wanavyodhani, kwa sababu inakunja shingo na kidevu kinagusa kifua. Ni afadhali kuinua kitanda chenyewe. Weka tofali au kipande imara cha ubao cha sentimita 10 hadi 15 chini ya kila mguu wa upande wa kichwani, hakikisha hakichezi. Mwenye kiungulia cha usiku naye atafaidika.

Asali, mafuta ya zeituni, mvuke wa kitunguu, pete ya kidoleni: kipi kinaponya?

Asali inatuliza koo linalowasha, na asali ya huku kwetu ni nzuri, lakini haikazi misuli iliyolegea. Mvuke unafungua pua kwa muda. Plasta za kubandika juu ya pua husaidia wale tu ambao tatizo lao ni pua. Pete, hifadhini fedha zenu.

Mazoezi ya ulimi na koo, hayo yana ushahidi. Huko Brazil, utafiti wa mwaka 2009 uliwapa watu wenye kukatika pumzi kwa kiwango cha kati mazoezi ya kila siku kwa miezi mitatu, na hali yao ikapungua kwa kiasi cha kuonekana. Bandika ulimi wote juu kwenye kaakaa, ung'ang'anize hapo, achia. Telezesha ncha yake kutoka nyuma ya meno kuelekea kooni. Tamka a, e, i, o, u kwa kukaza. Uswisi nako, mwaka 2006, watafiti walijaribu kuwafundisha wagonjwa kupuliza ala ndefu ya mti ya wenyeji wa Australia, wakafaidika. Yanataka subira, na mwenye ugonjwa mkali hayamtoshi peke yake.

Tumeambiwa tumkate mtoto kimeo ili aache kukoroma na kukohoa. Tufanye?

Msifanye. Naomba mnisikilize hapa kuliko pengine pote.

Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Mkoa wetu na ya jirani, bado wapo wanaokata vimeo majumbani kwa wembe au kwa kifaa cha chuma, wakiamini ndicho kinachosababisha kikohozi kisichoisha, kutapika na mtoto kutoongezeka uzito. Wazazi wanaompeleka mtoto huko si wajinga wala hawana roho mbaya. Wamemwona mtoto anakohoa wiki tatu, wameshatumia dawa, wamechoka.

Nilikuwa zamu usiku alipoletwa mtoto wa mwaka mmoja na miezi. Mama alikuwa amemfunga mgongoni kwa kitenge cha njano, na upande mmoja wa kitenge ulikuwa umegeuka rangi. Mtoto alikuwa akimeza damu tangu jioni. Midomo na viganja vyake vilikuwa vyeupe. Alipona, kwa kuongezewa damu na kwa neema. Wengine hawafiki.

Hatari zake ni kutoka damu, pepopunda, usaha unaoshuka shingoni, na maambukizi ya Virusi vya Ukimwi wembe ukitumika kwa zaidi ya mmoja. Na kikohozi hubaki palepale, kwa sababu chanzo chake kilikuwa nimonia, pumu au kifua kikuu ambacho hakikutafutwa. Kovu nalo linaweza kulibana koo zaidi. Ni kweli hospitali kubwa hufanya upasuaji wa koo kwa baadhi ya wanaokoroma, lakini hufanywa na bingwa, baada ya vipimo, mgonjwa akiwa kwenye chumba cha upasuaji.

Basi mtoto anayekoroma tumfanyie nini?

Akikoroma akiwa na mafua, subirini mafua yaishe. Akikoroma siku tatu au zaidi kwa wiki bila mafua, akilala mdomo wazi, kichwa amekipindua nyuma, jasho linamtoka, anakojoa kitandani baada ya kuwa ameshaacha, mpelekeni. Mara nyingi ni nyama za pua au mafindofindo yaliyokua makubwa. Daktari wa pua, koo na masikio huweza kuyatoa, na kwa watoto wengi pumzi hurudi sawa.

Waalimu, na ninyi nawaomba: mtoto mchana hasinzii kama mtu mzima. Huyu anahangaika, hatulii, hasikilizi, anashika mkia darasani. Kabla ya fimbo, muulizeni mama yake analalaje.

Nina mimba ya miezi saba na nimeanza kukoroma.

Inatokea kwa wengi miezi ya mwisho. Pua inavimba, uzito umeongezeka. Lala kwa ubavu. Lakini usiache kulisema kliniki, kwa sababu mkoromo ulioanza na mimba huambatana mara nyingi zaidi na presha ya ujauzito. Ukiona pia kichwa kinauma sana, macho yanaona ukungu au uso na mikono inavimba, usisubiri tarehe ya kliniki, nenda siku hiyo hiyo.

Mimi ni dereva. Nikisema nakoroma si nitapoteza kazi?

Marehemu baba yangu alikuwa dereva wa lori, Dar es Salaam, Dodoma, Singida hadi Mwanza. Nyumba ilitikisika akilala. Alikuwa na desturi ya kutafuna ndimu na kufungua dirisha akifika Gairo, kwa sababu, alisema, hapo usingizi "humsubiri barabarani". Siku moja karibu na Kibaigwa, mchana kweupe, barabara imenyooka, lori liliacha lami. Alitoka mzima, mahindi yakamwagika. Wakasema kachoka, wakampa siku mbili za kupumzika.

Hakufa ajalini. Alikufa kwa kiharusi miaka kadhaa baadaye, akiwa na presha ambayo dawa hazikuishusha. Siwezi kusema mkoromo ndio uliomuua. Ninachojua ni kwamba katika miaka yote hiyo, kadi yake ya kliniki imejaa, hakuna aliyemuuliza hata mara moja analalaje. Nilikuwa tayari nimeshaanza masomo ya uuguzi, nami sikumuuliza.

Kwa hiyo dereva, nakujibu hivi: ugonjwa huu unatibika, na dereva aliyetibiwa ni salama kuliko yule anayetafuna ndimu. Treni ya umeme imepunguza abiria barabarani tangu 2024, lakini malori na mabasi bado yapo, na nyuma yako kuna watu. Kope zikianza kuwa nzito, dirisha na muziki havisaidii. Egesha mahali salama, lala dakika 20, ndipo uendelee. Bodaboda vilevile.

Wanawake nao hukoroma?

Sana, hasa baada ya hedhi kukoma. Wengi huona aibu kusema, na malalamiko yao huja kama uchovu, kukosa usingizi au msongo wa mawazo. Mama, sema.

Nimwambieje mwenzangu bila kumvunjia heshima?

Usimwambie mbele ya watoto wala mashemeji, na usimwambie usiku umemwamsha kwa kiwiko. Tafuta saa tulivu. Mama mmoja wa Nkuhungu aliniambia alianza hivi: "Baba, jana nilihesabu mpaka kumi na nane hujavuta pumzi, nikaogopa." Hakutaja kelele hata kidogo. Alikuja naye kliniki wiki iliyofuata. Nimewafundisha wengi sentensi hiyo.

Mkilala vyumba tofauti kwa muda ili nawe upate usingizi, ndoa haijavunjika. Ila anayekatika pumzi asiachwe peke yake bila mpango wa kupimwa.

Nianzie wapi kutafuta matibabu?

Anzia zahanati au kituo cha afya cha karibu, upimwe presha, sukari, uzito na shingo, uangaliwe pua na koo. Nenda na yule anayelala nawe, au na sauti uliyorekodi. Omba rufaa ya kumwona daktari wa pua, koo na masikio. Hospitali ya rufaa ya mkoa na Benjamin Mkapa ndizo watu wa Dodoma hupelekwa, na pengine Muhimbili. Kabla ya kusafiri piga simu uulize siku za kliniki na kipimo kipi kinapatikana. Kipimo kamili cha usingizi hurekodi pumzi, oksijeni, moyo na ubongo usiku kucha. Kuna pia kidogo cha kufunga kidoleni na puani ukalale nacho nyumbani.

Ugonjwa ukithibitika kuwa wa kati au mkali, tiba yenye nguvu kuliko zote ni mashine inayosukuma hewa kwa shinikizo dogo kupitia barakoa ya puani, ili koo lisifunge. Inaitwa CPAP. Ilibuniwa na daktari Colin Sullivan na wenzake huko Sydney, nao wakaitangaza mwaka 1981. Ni ghali, hilo sifichi, na wiki za mwanzo barakoa inakera. Ulizia bima yako kwa maandishi. Kwa ugonjwa mwepesi, daktari wa meno anaweza kutengeneza kifaa cha kuvaa mdomoni usiku kinachovuta taya la chini mbele.

Ukipangiwa upasuaji wowote, hata wa ngiri, mwambie mtaalamu wa dawa za usingizi, yule atakayekulaza kwa upasuaji, kwamba unakoroma na pumzi hukatika. Dawa zake zinalegeza koo lile lile.

Mgonjwa amelala anakoroma, tunamwita haamki. Tumwache apumzike?

La! Huyo hajalala. Anayekoroma na haamki hata akitikiswa na kuitwa kwa nguvu amepoteza fahamu. Inaweza kuwa kiharusi, sukari kushuka, sumu, pombe kupita kiasi au jeraha la kichwa. Mlazeni kwa ubavu, kidevu kiinuliwe kidogo, msimpe maji wala chochote mdomoni, tafuteni gari sasa hivi. Kama ameanguka au amepata ajali, mgeuzeni kwa uangalifu, kichwa, shingo na mgongo viende pamoja.

Ninatumia mashine. Umeme ukikatika usiku nitakosa hewa?

Barakoa ina matundu ya kutolea hewa, hutafungiwa, ila usiendelee kuivaa mashine ikiwa imezimika. Ivue, lala kwa ubavu na fulana yako yenye mpira, kichwa cha kitanda kiwe kimeinuliwa. Baadhi ya mashine hukubali betri ya volti 12. Muulize aliyekuuzia ni waya gani unafaa, usiunganishe kwa kubahatisha. Umeme ukirudi saa tisa usiku, amka uivae tena. Saa za kuelekea alfajiri ndizo pumzi hukatika zaidi kwa wengi.